Zulia la sebule yenye tailizi: 5x8 la manyoya au 7x10 la nyuzi fupi?

Sebule_Tanga
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Sebule ni futi 12 kwa 14, tailizi tupu, nyumba iko karibu na bahari. Sofa ya watu watatu imeegemea ukuta mrefu, ya wawili iko ukuta mfupi wa kushoto. TV inatazamana na sofa kubwa, juu ya kabati la kina cha sm 40. Mlango uko ukuta mfupi wa kulia, unafungukia ndani, upana sm 90, na chini yake kuna uwazi wa sm 1.2 hivi. Kuna watoto wadogo, chakula mara nyingi kinaandikwa chini, na jioni tunafukiza udi. Dukani nimebakiza mawili: la manyoya marefu la futi 5x8, na la nyuzi fupi la futi 7x10, lebo inasema polipropilini (aina ya plastiki) 100%. Bei zimekaribiana. Lipi?

FundiZulia
7x10, wala usihangaike. Piga hesabu hivi. Futi 12 ni sm 366. Toa sofa (kina chake huwa kama sm 90) na kabati la TV sm 40, inabaki sm 236. Zulia la futi 7 ni sm 213. Liingize sm 25 chini ya miguu ya mbele ya sofa, litatokeza sm 188, na mbele ya kabati utabakiwa na sm 48 za tailizi. Hapo sofa zote mbili zinashika zulia moja na sebule inaonekana imetulia.

Hilo la 5x8 ukiliweka katikati ya sofa kubwa na kulifikisha chini yake, haliingii chini ya ile ya pili. Ukiliweka katikati, linaelea peke yake chini ya meza kama kitambaa kilichodondoka.

Kabla ya kununua, tandika khanga sakafuni. Kipande kimoja ni kama sm 150 kwa 110, kwa hiyo viwili vikilazwa ubavu kwa ubavu vinakupa sm 150 kwa 220, kadiri ya 5x8, pungufu kidogo kwa urefu. Kwa 7x10 weka alama kwa utepe wa karatasi wenye gundi wanaotumia mafundi rangi, uache siku nzima watu wapite.

Jambo jingine: manyoya ya sm 4 chini ya miguu ya mbele tu yanaiinua sofa, inalalia nyuma. Na kama sofa yako haina miguu, imekaa kitako chini, usiilazimishe juu ya zulia. Lisogeze liguse ukingo wake tu.

Mama_Mwambao
Nakubaliana na saizi, ila dada/kaka, hapo kwenye udi simama kidogo. Polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na kaa la chetezo ni moto kuliko hapo mara kadhaa. Cheche moja ikidondoka inaacha tundu gumu jeusi lisilosuguka wala kuzibika. Chetezo kikae kwenye sinia, juu ya tailizi, kamwe si juu ya zulia. Sufu ya kondoo ingevumilia zaidi, maana inaungua taratibu na haiyeyuki, lakini bei yake nyingine kabisa na inaliwa na nondo. Zulia la katani nalo zuri kwa macho, ila likimwagikiwa chai doa halitoki, na ukililoweka linajikunja.

Kwa chakula cha chini polipropilini ina faida: binzari haiingii kwenye uzi wenyewe kirahisi. Mafuta ndiyo adui yake, yanang'ang'ania. Mchuzi ukimwagika kwangua kwa kijiko, kandamiza kitambaa kikavu, halafu maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Usisugue kwa duara, nyuzi zitasimama kama nywele za asubuhi. Sabuni nayo iwe kidogo: isiyosuuzwa ikaisha inanata na kuvuta vumbi. Ukweli ni kwamba bado ni bora kutandika jamvi juu wakati wa kula.

Kipimo_Kwanza
Msiyaseme vibaya manyoya. Chumbani, pembeni mwa kitanda, yanafaa sana. Sebuleni pwani ndiyo tabu: mchanga unazama hadi kwenye mizizi, ufagio haufiki, na kila mtu akikanyaga punje zinakata nyuzi kwa chini.

Dukani fanya haya. Likunje zulia uso ukiwa nje: ukiona mgongo waziwazi kati ya mistari ya nyuzi, ni jepesi, litalala mapema. Sugua kona kwa kitambaa cheupe chenye maji. Rangi ikitoka, achana nalo. Geuza uone nyuma. Kama kuna kitambaa kilichobandikwa kwa gundi ya mpira, baada ya muda gundi hukauka na kumwaga unga. Lililofumwa, mchoro unaonekana hadi mgongoni.

Sebule_Tanga
Asanteni sana. Maswali mawili yamebaki: mlango hautalikwaruza? Na niweke ule mpira wa kuzuia kuteleza?

FundiZulia
Mpira uweke, tailizi na watoto havipatani bila huo. Chukua wa wavu, si ule mzito usiopitisha hewa. Unyevu wa pwani ukibanwa chini unaleta ukungu, na mpira wa bei rahisi unaweza kuacha madoa ya njano kwenye tailizi. Siku ya deki kunja zulia, na usilirudishe mpaka sakafu ikauke kabisa.

Mlango: futi 14 ni sm 427. Zulia la futi 10 ni sm 305, na sm 25 ziko chini ya sofa ndogo. Toa sofa sm 90, toa sm 280 za zulia zilizotokeza, zinabaki sm 57 upande wa mlango. Ubao wa mlango wa sm 90 utapita juu ya zulia kama sm 33. Zulia la mm 9 juu ya wavu wa mm 3 linafika mm 12, yaani uwazi wako wote, kwa hiyo litakwaruzwa. Wavu unakatwa pungufu sm 5 kila upande. Upande wa mlango ukate pungufu sm 40. Hapo litapita. Pima unene dukani kwa rula, usiamini lebo, na upime uwazi wa mlango sehemu tatu maana sakafu nyingi haziko sawa.