Tupeane uzoefu: Nani alikufundisha kumchinja kuku uliyemfuga mwenyewe?

Mleta mada, Muheza

Ndugu wafugaji, tunazungumza sana kuhusu chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa kuku, na bei ya pumba, lakini kumchinja kuku na kumwandaa kwa ajili ya kuliwa tunakupita kimya, kana kwamba kila mtu alizaliwa akikujua. Matokeo yake kijana anafuga vizuri kwa miezi mingi, kisha siku ya kuchinja anachukua kisu butu cha jikoni, na kuku aliyetunzwa kwa uangalifu anateseka mwishoni bila sababu. Naomba kila mwenye ujuzi aeleze alivyofundishwa.

Mimi nilifundishwa na babu, ambaye hakunikabidhi kisu mpaka nilipojua kukinoa. Kipimo chake kilikuwa jani la mgomba lililoshikwa likining'inia: kisu kikilivuta jani kabla ya kulikata, unarudi kwenye kinoo. Kuku alitengwa tangu jioni chini ya tenga, akaachiwa maji bila chakula, kwa sababu mfuko wa chakula na utumbo vikiwa vitupu, kazi ya kupasua huwa safi zaidi. Kukimbiza kuku uwanja mzima asubuhi hakukuruhusiwa kabisa. Alishikwa gizani tenga likifunuliwa kidogo, mabawa yamebanwa mwilini, hana habari. Kisu hakinolewi mbele yake, wala hachinjwi wenzake wakitazama. Mtume alifundisha kwamba anayechinja anoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake, na babu aliyachukulia maneno hayo kuwa amri ya kazi.

Mkato unapita juu kooni, chini kidogo ya taya, mmoja na wa haraka, ukikata koo la hewa, umio na mishipa mikubwa ya damu ya pande zote mbili, bila kukitenganisha kichwa. Baada ya hapo unaendelea kumshika hadi atulie. Desturi ya kumtupa chini arukeruke siipendi hata kidogo, kwani huvunja mabawa na damu huvilia kwenye nyama.

Mama wa Pemba

Assalamu alaykum. Nilikokulia, lilikuwa jambo la kawaida kumwona mama amesimama mlangoni, kuku kwapani na kisu kimefichwa kwenye upindo wa kanga, akingoja mwanamume au mvulana yeyote apite amchinjie, kwa kuwa iliaminika kwamba mwanamke hachinji. Kuku alishikwa hivyo muda mrefu, joto limempanda, mdomo wazi akihema, na mara nyingine aliyepita alikuwa mtoto asiyejua kazi.

Baada ya kuolewa nilimuuliza shehe wa mtaa wetu. Alinieleza kwamba kichinjo cha mwanamke Mwislamu ni halali sawa na cha mwanamume, na kwamba katika zama za Mtume mjakazi aliyekuwa akichunga alimchinja kwa jiwe kondoo aliyekuwa karibu kufa, naye Mtume akaruhusu aliwe. Ndipo mama mkwe akanishika mkono akanifundisha. Kwa sisi tunaochinja peke yetu, yeye alinizuia kumkanyaga kuku mabawa na miguu kama wengi wafanyavyo. Humviringisha kwenye kipande cha kanga kuukuu, kichwa na shingo tu vikabaki nje. Kuku hutulia mara moja. Namwelekeza kibla, nasema Bismillahi Allahu Akbar, na nakata.

Mchinjaji wa sokoni, Dar es Salaam

Mleta mada na mama wamemaliza habari ya kisu. Mimi nitazungumzia maji ya moto ya kunyonyolea. Kwanza, kuku asitiwe majini akiwa bado na uhai. Subiri mpaka damu ikome kutiririka, mwili ulegee, na jicho lisipepese ukiligusa. Kufanya haraka hapa ni ukatili.

Maji yanayochemka yanaivisha ngozi, ikachanika wakati wa kunyonyoa. Joto linalofaa ni nyuzi 60 hadi 65. Asiye na kipimajoto achanganye maji yanayochemka na ya bomba kwa vipimo sawa, au ya moto yazidi kidogo. Mzamishe ukimgeuzageuza kwa nusu dakika hivi, kisha vuta unyoya mkubwa wa bawa. Ukitoka bila kubisha, mtoe. Kuku mzee wa kienyeji huhitaji muda zaidi. Vinyweleo vinavyobaki vibabue juu ya moto.

Katika kupasua, legeza mfuko wa chakula shingoni, kata kuzunguka tundu la haja bila kugusa utumbo, kisha ingiza mkono, shika firigisi na uvute vyote kwa pamoja taratibu. Nyongo ni kile kifuko cha kijani kwenye ini: kiondoe pamoja na kijipande cha ini, kwa maana kikipasuka nyama inakuwa chungu. Mapafu yameng'ang'ania mbavuni. Yakwangue kwa kidole.

Mfugaji wa Kakamega

Nashukuru kwa maelezo ya ndugu wa sokoni. Naongeza kwamba kuku mgonjwa au anayezubaa asichinjwe ili "kuokoa nyama", na aliyepewa antibaotiki asubiriwe hadi zipite siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa. Vilevile nyama hukakamaa baada ya kuchinjwa. Ukiweza, ilaze kwenye jokofu hadi kesho yake. Kwetu mgeni hupikiwa siku hiyohiyo, kwa hiyo jogoo mzee tunamchemsha polepole kwa saa kadhaa, na firigisi, tunayoiita imondo, anawekewa mwenye mji.

Mleta mada, Muheza

Ahsanteni sana. Mama, hiyo ya kanga nitaifuata. Je, yupo aliyetumia koni ya bati inayomshikilia kuku kichwa chini? Tafadhali atupe vipimo vya kuku wa kienyeji, kwa kuwa fundi wangu wa bati anavisubiri.