Wanakuuzia laptopu ya kukunja, bawaba ikivunjika wanakwambia uliikunja

Wakuu, mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "laptopu gani nzuri kwa mwanafunzi". Huu ni wa watu wa kazi, na naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Niko Kampala. Kampuni yetu inatoa mizigo forodhani na baadhi ya vijana wetu wako Malaba, mpakani na Kenya. Mimi ndiye mtu wa kompyuta: printa ikigoma ni mimi, EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, URA) ikigoma ni mimi, hata birika la umeme likigoma naitwa mimi. Wakubwa waliamua vijana wa mpakani wapewe laptopu za tachi, zile ambazo kioo kinageuka mpaka nyuma zikawa tableti. Dereva asaini hapohapo yadi, picha za mzigo ziingie kwenye faili bila kupitia WhatsApp ya mtu, na tuachane na makaratasi yanayolowa mvua. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na duka moja hapa mjini, ambalo jina lake naliacha kwa sababu shauri bado halijaisha, na namna mashine hizi zinavyouzwa kwa watu wa biashara nchi hii.

Bawaba ya kushoto ilianza kwa kukaza. Ukifungua mfuniko unasikia "tk", na ukingo wa chini wa kioo unaachana kidogo na fremu. Hakuna aliyeiangusha. Baadaye plastiki ikapasuka pembeni. Nikairudisha dukani waranti ikiwa hai, fundi wao akaifungua mbele ya macho yangu, na kila kitu kikawa wazi. Bawaba yenyewe ni chuma kizima, haina hata mkwaruzo. Ubovu uko pale iliposhikizwa. Skrubu zake zinaingia kwenye vikombe vidogo vya shaba vilivyozamishwa ndani ya plastiki ya mfuniko, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vimeng'oka na plastiki yake, kama jino lililotoka na nyama. Chuma kigumu juu, plastiki nyembamba chini, na kila ukigeuza kioo nguvu yote inaishia hapo. Waya wa kioo nao unapita humohumo kwenye bawaba. Plastiki ikiachia, waya unabanwa, picha inaanza kupepesa. Ndiyo hali ya mashine ya pili sasa hivi.

Kijana wa kaunta akaitazama, akaisukuma kwangu.

"Bosi, hii imevunjika. Waranti ni ya kitu kilichokufa chenyewe."

"Imevunjika kwa kufanyiwa nini?"

"Mmeikunja sana."

Mmeikunja sana! Nyuma ya kichwa chake ukutani kuna bango kubwa linaloonyesha mashine hiyohiyo imekunjwa kwa mitindo minne: imelala, imesimama kama hema, imegeuzwa kuwa tableti, mwanamke mwenye suti anacheka. Siku ya kununua, mwenzake aliizungusha mbele ya mkurugenzi wetu mpaka tukaona kizunguzungu. Walituuzia kukunja. Bila kukunja, laptopu ya kawaida yenye prosesa na RAM zilezile ingetugharimu pesa pungufu sana. Leo kukunja kumegeuka kosa la mteja.

Nikaomba karatasi ya waranti tuisome pamoja. Haihusu kuanguka, maji, hitilafu ya umeme, wala "sehemu zinazochakaa kwa matumizi". Kwa tafsiri yao bawaba ni sehemu inayochakaa. Sasa waranti inahusu nini? Herufi za kibodi?

Wanasheria mliomo humu mnirekebishe, lakini Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kufanya na bidhaa, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Sisi tulieleza. Kwa barua pepe, kabla ya kulipa: watu wa nje, mpakani, kuzungusha kioo kutwa nzima. Wakajibu kwamba mashine hiyo "imetengenezwa hasa kwa kazi hiyo". Barua ninayo. Meneja nilipomwonyesha alisema nizungumze na watu wangu wa sheria. Tunazungumza nao, asiwe na wasiwasi.

Tuje kwenye kioo. Watu wengi humu mnauliza inchi ngapi, tachi au sio tachi, hamuulizi mwangaza. Mwangaza wa kioo unapimwa kwa niti, na laptopu nyingi za bei ya kati zina 250 hadi 300. Hizo ni za ofisini, chini ya dari. Juani unahitaji angalau 400, na 500 ndiyo unaanza kupumua. Halafu kioo cha tachi kwa kawaida kinang'aa, si kile chenye ukungu kinachozuia mwako wa jua. Malaba saa saba mchana nimesimama na kijana wetu na dereva mmoja mtu mzima kutoka Mombasa.

"Mzee, saini hapo."

"Hapo wapi? Mimi naona uso wangu tu."

Kijana akavua koti akamfunika yule mzee kichwa na mashine yote, foleni ya malori nyuma inapiga honi. Mzee akaweka kidole, hakikushika. Kidole kimekauka, kina grisi, na tachi hizi zinategemea umeme mdogo wa ngozi ya mtu, kwa hiyo vumbi, mafuta na matone ya maji vinaichanganya. Alipofanikiwa kuanza kuandika jina, kijana akaisogeza mashine kidogo, sensa ikadhani imegeuzwa, picha ikapinduka kichwa chini. Banange! Mwisho mzee akauliza kama hatuna kalamu na karatasi.

Na uzito. Mashine za inchi 14 za aina hii nyingi zina kilo moja na nusu hivi. Mezani ni nyepesi. Ishike kwa mkono mmoja kama tableti huku mkono wa pili unaandika, kibodi iko chini ya vidole vyako (inajizima, sawa, lakini bado unaipapasa), ndipo utajua kwa nini tableti halisi ina karibu nusu kilo.

Kalamu, sasa. Yetu haina mahali pa kukaa ndani ya mashine, inang'ang'ania pembeni kwa sumaku, na Malaba sumaku haishindani na mfuko wa koti. Zikapotea. Tukaenda duka lilelile, wakatuuzia "kalamu ya tachi inayoingiliana na zote". Hakuna kitu kama hicho, wakuu. Kalamu hizi zina lugha zake: kuna AES ya Wacom, kuna MPP ya Microsoft, kuna USI, na mashine inayosikiliza moja haina lazima ya kuielewa nyingine. Iliyoletwa ilikuwa fimbo tu kwa mashine yetu. Kalamu ya awali nayo ilitumia betri ya AAAA, zile nyembamba kuliko za rimoti. Jaribu kuitafuta hiyo Tororo uniambie. Wenzetu wenye laptopu ya Lenovo ThinkPad X1 Yoga kalamu yao inaingia ndani ya bodi na kuchaji humohumo, na hilo pekee lingetuokoa na nusu ya kelele hizi.

Programu sitaisemea sana. Windows 11 iliondoa ile hali maalumu ya tableti tuliyoizoea kwenye Windows 10, na fomu za forodha zina visanduku vidogo vilivyotengenezwa kwa ajili ya mausi. Kidole cha mtu mzima kinagusa visanduku vitatu kwa mpigo. RAM ni GB 8, imelehemiwa kwenye mazabodi, huongezi. Chaja ni ya USB-C, na ukichomeka chaja ya simu ama inagoma ama inachaji kwa mwendo wa kinyonga. Basi.

Kitu kingine kilichonichefua: walituwekea bei mbili, ya risiti na ya bila risiti. Kampuni iliyosajiliwa VAT inanunua mashine za mamilioni bila risiti ya EFRIS halafu ile asilimia 18 inaidai kwa karatasi gani? Na waranti utaidai kwa ushahidi gani? Tulichukua ya risiti. Ndiyo maana leo nina mdomo.

Sasa kwa mnaotaka kununua kwa ajili ya ofisi, msikubali maonyesho ya kuzungusha kioo kwenye kaunta yenye kiyoyozi. Itoe nje, simama barabarani Kampala Road saa sita, fungua fomu yenu mnayoitumia kazini, ijaze kwa kidole umesimama. Muuzaji akikataa isitoke, umepata jibu lako. Fungua programu ya kuchora, vuta mistari ya kona hadi kona polepole kwa kalamu; mistari ikitetemeka, saini za wateja wako zitatetemeka vilevile. Gonga kioo kikiwa wima uone kinavyoyumba. Geuza bawaba mzunguko mzima sikio likiwa karibu, halafu tazama pembe zote mbili za chini kama mfuniko unapanuka. Uliza skrubu zinashika chuma au plastiki. Fundi asiyejua aende akaangalie mwongozo wa matengenezo, maana mashine za biashara za kampuni kubwa miongozo yake iko wazi mtandaoni. Andika namba ya mashine, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji uone waranti ilianza lini. Utashangaa "mpya" ngapi zina waranti iliyoanza kuliwa kabla hujaingia dukani. Kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, linganisha uwezo wa betri ulioandikwa kiwandani na uliopo sasa.

Na neno "bawaba" liandikwe kwenye waranti. Kwa wino. Na muhuri.

NYONGEZA: Naona mnaosema tungenunua used za Dubai za daraja la biashara, ni imara zaidi. Bawaba kweli ni imara. Lakini nyingi za bei rahisi zinazozunguka mjini zina prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba, Windows 11 kwa kawaida inataka kuanzia cha nane, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Siwezi kupeleka mashine ya namna hiyo kwenye faili za wateja na malipo ya URA.

Aliyeandika kwamba "vijana wa mpakani ni wavunjaji": laptopu zao za zamani zisizokunjwa bado zinafanya kazi, na wamezibeba kwenye boda miaka.

Na wewe uliyeniambia nipake gundi, hapana. Gundi ikiingia kwenye bawaba, duka litakuwa limepata sababu halali. Ninachotafuta ni mtu Kampala anayeuza mfuniko mzima wa nyuma wenye vikombe vyake, au fundi anayeweza kutengeneza bati la chuma la kushika skrubu bila kugusa waya wa kioo. Anitumie picha ya kazi aliyowahi kufanya. Wa bei bila picha wasijisumbue.