Kurasa za msaada kwenye programu: ni sawa kumfuatilia anayesoma?

Mwandika_Msaada
Wakuu habari za leo. Naandika kurasa za msaada za programu moja ya maduka (mauzo, stoo, risiti). Zamani msaada ulikuja ndani ya programu yenyewe, mtu anasoma hata bila bando. Sasa umehamia mtandaoni, na bosi ameleta kifuatiliaji cha kampuni nyingine: ukurasa gani umefunguliwa, msomaji kakaa dakika ngapi, katafuta neno gani. Anasema bila hivyo naandika gizani. Na kweli, ule ukurasa wangu wa kuhesabu stoo mwisho wa mwezi sijui hata kama kuna aliyewahi kuufungua. Ila msomaji haambiwi popote. Mnaonaje?

Fundi_Kkoo
Weka tu mkuu. Kwanza Bongo hii nani anasoma maelekezo? Mtu akikwama anampigia fundi. Utafuatilia upepo.

Bi_Stoo
Nani hasomi? Mimi niko kaunta mwaka wa sita. Kufunga hesabu za siku nimejifunza kwenye hizo hizo kurasa, usiku, watoto wamelala, kwa sababu mafundi wa aina yako mnataka elfu kumi kuja kubonyeza kitufe kimoja.

Mzee_wa_Logi
Turudi kwenye swali. Seva yoyote ya wavuti inaandika logi, yaani daftari la waliopita: anwani ya IP (namba ya kifaa chako mtandaoni), saa, ukurasa, kivinjari. Kujua ukurasa upi unasomwa, hiyo inatosha, na tarakimu za mwisho za IP unaweza kuzifuta. Kasheshe inaanza unapomwita mtu wa tatu aje akuhesabie wageni sebuleni kwako. Watu wa Debian, ule mfumo huria wa kuendesha kompyuta, wana kikaguzi, lintian, kinapiga kelele kikikuta nyaraka ndani ya kifurushi cha programu zinavuta picha au skripti kutoka nje. Unafungua faili lililo kwenye diski yako mwenyewe, halafu kuna mtu mbali huko anajua umelifungua.

Baridi_Kali
Huku niliko, Ujerumani, mahakama ya Munich Januari 2022 iliamuru mtu alipwe euro 100 kwa sababu tovuti ilivuta fonti kutoka seva za Google, IP yake ikaenda nayo. Fonti tu, siyo kifuatiliaji.

Fundi_Kkoo
Euro 100 kwa ajili ya herufi! Wazungu wana nafasi. Dada Stoo, hiyo elfu kumi ina nauli ndani yake, na foleni ya Mbagala Rangi Tatu.

Bi_Stoo
Mbagala nimekwambia mimi? Haya, ngoja niseme. Mwaka jana niliingiza kreti moja ya soda mara mbili. Nikabonyeza msaada, nikaandika "kufuta mauzo ya jana". Jumatatu mwenye duka ananiita: "Ulitaka kufuta nini?" Maneno niliyotafuta yalikuwa kwenye ripoti yake, na jina langu pembeni. Programu gani sitaji. Hesabu zilikuwa sawa mpaka shilingi ya mwisho, lakini tangu siku hiyo anahesabu droo mbele yangu kila jioni.

Mwandika_Msaada
Pole sana dada. Yetu haichukui majina. Nadhani.

Bi_Stoo
Unadhani?

Wakili_Bado
Hapa Tanzania kuna sheria ya taarifa binafsi, ya 2023 kama sikosei. Mtu lazima aambiwe taarifa zake zinakusanywa kwa ajili gani.

Mzee_wa_Logi
Ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023. Na sheria kando, muulizeni mtu kwanza. Debian wakati wa kusakinisha wanakuuliza kama utashiriki takwimu za programu unazotumia, na jibu lililowekwa tayari ni hapana. Go, lugha ya kuandikia programu ya Google wenyewe, 2023 ilitaka takwimu zijitume zenyewe. Kelele zikapigwa, wakageuza ikawa mpaka uruhusu.

Fundi_Kkoo
Ukiuliza nani atakubali? Ndiyo maana tunaletewa yale mabango ya "vidakuzi", cookies za tovuti. Na hilo neno ni la wapi? Nikiliona nawaza vifaranga.

Mtu_wa_Kisauni
Fundi, usichojua usikicheke. Mdakuzi ni mtu wa kuchungulia ya wenzake na kuyapeleka kwingine. Aliyelipata neno hilo alifikiri kweli. Nyinyi wa bara Kiswahili chenu ni cha daladala.

Fundi_Kkoo
Loo! Wenzetu mliopanga foleni KICC 2023 mkapigwa picha za macho na Worldcoin, wale wa sarafu ya mtandaoni, leo mnatufundisha faragha na lugha juu!

Mtu_wa_Kisauni
Serikali ilisimamisha Agosti mwaka huo huo. Halafu KICC iko Nairobi, mimi niko Mombasa. Jiografia nayo ni somo.

Wakili_Bado
Kiswahili cha kompyuta kimepikwa Dar, tusisahau. Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2004, wengi wenu mlikuwa mnacheza gololi.

Mtu_wa_Kisauni
Kupika ni Dar. Nazi ilitoka wapi?

Baridi_Kali
Hahaha. Jamani, aliyeuliza swali bado yupo?

Mwandika_Msaada
Nipo. Nilikwenda kumuuliza mwenzangu wa upande wa seva. Ukibonyeza kitufe cha msaada ukiwa ndani ya programu, jina la mtumiaji linaingia kwenye anwani ya ukurasa. Kifuatiliaji kinachukua anwani nzima. Kwa hiyo linakwenda. Mimi sikujua, naapa. Mimi naandika maelezo tu.

Mzee_wa_Logi
Na maneno ya utafutaji?

Mwandika_Msaada
Nayo yamo kwenye anwani.

Bi_Stoo
Hicho kitufe chenu ni cha kijani? Juu, mkono wa kulia, kina alama ya kuuliza?

Fundi_Kkoo
Kisauni usinikimbie. Kitufe cha kurudisha ulichokosea, huko kwenye nazi mnakiitaje?

Mtu_wa_Kisauni
Tendua. Hata Dar kinaitwa hivyo, ukisoma.

Bi_Stoo
Mwandika_Msaada, nimekuuliza rangi.