Corolla ya marehemu papa inaliwa na kutu chini: mastiki au kukata?

Dereva wa Ndosho (Goma)

Jambo yenu wote. Nina Corolla ya mwaka 1996, usukani kulia, aliyoniachia papa, baba yangu. Ilitoka Japani kupitia Mombasa, akaiendesha hapa Goma miaka 13 mpaka alipofariki.

Wiki iliyopita binti yangu alikaa mbele, tukifika shuleni akaniambia soksi zake zimelowa. Nilipoinua kapeti nilikuta sponji yake imejaa maji, na bati la sakafu karibu na mlango limelainika kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Nikaligusa kwa bisibisi, ikapita hadi nje. Nikaona mawe ya barabara. Ule ubavu mrefu chini ya mlango nao una malengelenge chini ya rangi, matano au sita, na juu ya gurudumu la nyuma kuna lingine pana kama kisahani.

Tolie (fundi wa bati) wa kwanza anataka dola 70: anaziba kwa mastiki, ule uji mzito unaokauka ukawa mgumu, anapiga rangi, siku mbili naondoka. Wa pili anataka 220: akate bati bovu na kuchomelea jipya. Nina watoto watatu wanaosoma, tofauti hiyo naisikia mfukoni. Lakini gari hili siliuzi. Papa alikuwa analipangusa kila Jumapili kabla ya misa.

Mastiki itashika muda gani? Na kutu imetoka wapi, wakati hapa hatuna bahari?

Mzee Tolie (Birere, Goma)

Mwanangu, zile dola 70 usizitoe. Nimefanya kazi ya bati tangu ujana wangu, na mastiki juu ya tundu nimezibandua nyingi sana. Mastiki haishiki chuma kilichooza, tena yenyewe inanyonya maji. Inapendeza msimu mmoja wa mvua, halafu inabanduka kama ukoko wa bugali, na tundu la chini yake limeshakuwa kubwa mara mbili. Halafu ule ubavu chini ya mlango si urembo. Ni boksi la bati, lina uwazi katikati, na ndilo linaloshikilia gari lisijikunje. Mkanda wa usalama nao umefungwa karibu na hapo. Watoto wako wanakaa juu yake.

Lengelenge unaloliona nje ndilo la mwisho kutokea. Kutu ilianzia ndani ya boksi.

Unauliza bahari. Hatuna, lakini tunakaa chini ya volkano ya Nyiragongo. Moshi wa mlima ule, na wa Nyamulagira, una gesi ya salfa na asidi nyingine, na mvua inaziteremsha juu yetu. Angalia manjanja, yaani mabati ya paa, ya nyumba za upande wa Rusayo, ambako upepo unapeleka moshi mara nyingi: yanaisha upesi. Ongeza barabara zetu za mawe ya lava. Kila jiwe linalogonga chini linafungua rangi. Na kama gari liliendeshwa kaskazini mwa Japani, kule wakati wa theluji wanamwaga chumvi barabarani, basi lilikuja na mbegu ya kutu tumboni.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo mafundi wengi wanaruka. Kabla ya kukata chochote, tafuta maji yanaingilia wapi. Chuma kipya kikiwekwa juu ya maji yale yale kitaoza. Mtu akae ndani na tochi, kapeti imetolewa, wewe mwagia maji ya bidoni polepole: kwanza chini ya kioo cha mbele, pale penye waipa, halafu kando ya raba ya kioo, halafu mlangoni. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vizibue.

Fundi akianza, atoe kiti na kapeti, afungue betri. Akate mpaka chuma kinachong'aa, asiache ukingo wa kahawia hata kidogo. Achomelee vipande vifupi vifupi akihama mahali, la sivyo bati litapinda kwa joto. Juu ya chuma kitupu rangi ya epoksi kwanza, mastiki nyembamba ya kusawazisha tu, halafu rangi. Mwisho kabisa apulize nta ya kuzuia kutu ndani ya boksi kwa mrija mrefu. Fundi akikuambia nta si lazima, hajui kutu inatoka upande gani.

Dada wa Kadutu (Bukavu)

Huku kwetu moshi wa mlima si tatizo kubwa, ila udongo mwekundu unaganda ndani ya matao ya magurudumu na unakaa na unyevu wiki nzima. Mimi kila Jumamosi nautoa kwa mti na maji. Mzee, fundi wangu ananipakia chini mafuta machafu ya injini. Ni vizuri?

Mzee Tolie (Birere, Goma)

Hapana mama. Yanazuia kutu kidogo, kweli, lakini yanaharibu raba, yakifika kwenye breki ni hatari, na yanayodondoka yanaishia ziwani. Nta. Na lami nayo usiipake juu ya kutu, inafungia maji ndani.

Dereva wa Ndosho (Goma)

Aksanti mzee. Nimerudi baada ya wiki tatu. Maji yalikuwa yanaingilia chini ya waipa: mfereji umejaa majani ya mwavokado wetu na mchanga mweusi, nilitoa bakuli zima. Nikaenda kwa tolie wa dola 220, akakubali 190 kwa sababu viti na kapeti nilitoa mwenyewe. Alipokata ule ubavu tulikuta ndani mastiki ya zamani, nene kama kidole, imejazwa juu ya karatasi. Kumbe mtu alishaziba zamani, na papa aliuziwa hivyo bila kujua. Niliumia sana kuiona ile karatasi.

Tao la nyuma linasubiri mwisho wa mwezi. Jana usiku imenyesha mvua kubwa. Nilikuwa nimetandika gazeti chini ya kapeti, na leo asubuhi nimelikuta kavu.