Kuunguza kampaundi ogania: kwa nini inatoka C₂H₃ badala ya C₂H₆O?

Swali
Wakuu, naombeni msaada. Gramu 0.46 za kampaundi yenye kaboni, haidrojeni na pengine oksijeni zimeunguzwa zote, zikatoa gramu 0.88 za CO₂ na gramu 0.54 za maji. Moli za CO₂ ni 0.88 ÷ 44 = 0.02, za maji 0.54 ÷ 18 = 0.03. Uwiano ni 2 kwa 3, yaani C₂H₃. Majibu yanasema C₂H₆O. Hizo H sita na hiyo oksijeni zinatoka wapi?

Jibu la 1
Moli zako ziko sawa, ila ni za molekuli, na fomula inataka za atomu. Kila molekuli ya maji ina atomu mbili za haidrojeni, kwa hiyo moli 0.03 za maji zina moli 0.06 za H. Kaboni inabaki 0.02 kwa kuwa CO₂ ina C moja tu.

Oksijeni usiitafute kwenye CO₂ wala kwenye maji, maana sehemu kubwa imetoka kwenye gesi iliyotumika kuunguzia. Itafute kwa kutoa. Kaboni: 0.02 × 12 = gramu 0.24. Haidrojeni: 0.06 × 1 = gramu 0.06. Jumla 0.30, na sampuli ilikuwa 0.46. Gramu 0.16 zilizobaki ni oksijeni, na 0.16 ÷ 16 = moli 0.01. Gawanya zote kwa 0.01, unapata C₂H₆O. Hatua hii ya kutoa usiiruke kamwe. Ikibaki sifuri ndipo useme ni haidrokaboni.

Halafu, uwiano ukitoka 1 kwa 1.5 usikadirie kuwa 2. Zidisha zote kwa 2.

Jibu la 2
Hapo kuna jambo zuri sana ambalo wengi hawalioni. Kwa kawaida baada ya uwiano unahitaji tungamo la moli moja ili kupata fomula ya molekuli. Hapa huhitaji. Kampaundi ya C, H na O yenye kaboni n haiwezi kuzidi H 2n + 2. Ukizidisha C₂H₆O kwa 2 unapata C₄H₁₂O₂, na kaboni nne mwisho wake ni H 10. Basi ni C₂H₆O yenyewe, gramu 46 kwa moli.

Muuliza swali
Asanteni sana. Kwa hiyo ni ethanoli moja kwa moja?

Jibu la 2
Bado. Dimethili etha, CH₃OCH₃, ina fomula hiyohiyo. Etha hiyo huchemka kwenye nyuzi −24 hivi za Selsiasi, kwa hiyo katika joto la kawaida la chumba ni gesi. Ethanoli ni kimiminika, huchemka kwenye 78. Kipande kidogo cha sodiamu kwenye ethanoli hutoa viputo vya haidrojeni, lakini sampuli iwe kavu kabisa, kwani hata maji hutoa viputo hivyo.