Tairi za baiskeli ya mlimani: kesingi nene au mpira laini, nianze na kipi?

mteremko_sakina
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua tairi maana nimesoma mpaka kichwa kinauma. Nipo Arusha, baiskeli yangu ni ya mlimani rimu 29, shokapu ya mbele milimita 140, na mwili wangu ni kilo 86 bila begi. Njia zangu ni za huku Sakina na Ilboru kupanda kuelekea msitu wa Meru, kiangazi vumbi la volkano linafika kifundo cha mguu na masika ni utelezi mtupu, wikiendi tunaenda Monduli ambako ni mawe na miiba ya migunga. Juzi tairi ya nyuma imechanika ubavuni nikiwa nashuka kwa kasi, mchaniko wa kama sentimita moja na nusu, silanti yote (yale maji ya ndani ya tairi yanayoziba matundu) ikamwagika kwenye jiwe nikasukuma baiskeli mpaka lami. Tairi yenyewe ni ile nyepesi ya kesingi ya tabaka moja.

Sasa kuna ndugu yangu anakuja kutoka Ujerumani mwezi ujao, ataniletea tairi mbili tu kwenye begi, so hakuna nafasi ya kubahatisha. Niweke kesingi nene mbele na nyuma? Na mpira uwe laini kiasi gani, maana naambiwa ukiwa laini sana unaisha haraka halafu huku kupata nyingine ni shughuli.

Spoku32
Pole sana mkuu. Hapo kuna vitu viwili na kila kimoja kina kazi yake. Kesingi ni kile kitambaa cha nyuzi za naironi kilicho chini ya mpira, hiyo ndo inapambana na mawe na ndo inafanya tairi isijikunje kwenye kona. Kompaundi ni mpira wenyewe unaogusa ardhi. Ubavu ukichanika tatizo ni kesingi, ukiteleza kwenye mizizi tatizo ni mpira (au presha), na ukinunua kimoja ukitegemea kifanye kazi ya kingine umetupa hela.

Usidanganyike na namba ya nyuzi kwa inchi peke yake. Watu wanaona 120 wanadhani ni imara kuliko 60, kumbe nyuzi zikiwa nyingi zinakuwa nyembamba na tairi inakuwa nyepesi na inalala vizuri juu ya mawe, ila uimara unategemea ni tabaka ngapi na kama kuna kipande cha mpira kimeongezwa pale chini karibu na rimu. Chukua mfano wa kampuni ya Maxxis: EXO ni tabaka moja na kinga ubavuni, EXO+ imeongezewa kinga, DoubleDown ni tabaka mbili za nyuzi 120, halafu ile ya DH ni tabaka mbili za nyuzi 60, hiyo ni ya watu wanaopandishwa na gari. Kampuni ya Schwalbe, kuanzia nyepesi hadi nene, wanaita Super Ground, Super Trail, Super Gravity, Super Downhill. Continental wameandika tu Trail, Enduro na Downhill, hapo huhitaji mkalimani.

Kwa kilo zako na mawe ya Monduli mimi ningeweka DoubleDown au Super Gravity NYUMA TU, mbele EXO+ au Super Trail inatosha kabisa. Tairi ya nyuma ndo inabeba uzito na ndo inagonga jiwe baada ya wewe kulipita kwa mbele na kusahau kama lipo.

MzeeWaKona
Mimi hapo napingana na Spoku. Kilo 86 na mwendo wa kushuka vile, weka nene zote mbili umalize mjadala. Tairi ya mbele ikipasuka kwenye kona hupati muda wa kujifikiria, ya nyuma ikipasuka unasimama tu. Usalama kwanza jamani.

Spoku32
Mzee nakuelewa, ila angalia njia zake. Kutoka Sakina ni kupanda mwanzo mwisho, na kesingi ya tabaka mbili inaongeza gramu 200 hadi 300 kwa kila tairi, uzito wa pembeni ya gurudumu ambao unauzungusha kila unapokanyaga. Akichoka juu atashuka vibaya, nayo hiyo si usalama. Angekuwa anashuka tu ningekubaliana na wewe.

pedeli_lushoto
Habari zenu kaka zangu. Mimi nina kilo 58 na naendesha huku Usambara, EXO mbele na nyuma inanitosha, kwa hiyo yeyote mwepesi anayesoma hapa asikimbilie tairi za kilo moja na robo kwa sababu ya kilo za mtu mwingine.

Nilitaka kuongelea miiba kwanza. Mwiba wa mgunga unaingia kwenye uso wa tairi katikati ya meno, na hapo kesingi nene haikusaidii sana, utaingia tu. Kinachokuokoa ni silanti mbichi ndani ya tairi, na kwa joto letu inakauka mapema kuliko wanavyoandika kwenye chupa. Tingisha gurudumu karibu na sikio, usiposikia maji yanacheza ongeza. Na beba vile vikamba vya mpira vya kuzibia, hata mafundi wa bodaboda wanavyo.

Kuhusu mpira, ulaini unapimwa kwa kipimo kinaitwa Shore A, namba ikishuka mpira ni laini zaidi, 42 ni laini haswa na 60 ni mgumu. Laini unarudi polepole ukishaminywa, ndo maana kwenye mzizi uliolowa na jiwe linaloteleza unang'ang'ania, mgumu unaruka. Kwenye vumbi kavu lile jepesi ulaini haufanyi maajabu, pale kinachofanya kazi ni meno marefu yenye nafasi yazame mpaka chini kwenye ardhi ngumu. So kwako kaka mpira laini unaununulia masika na msitu, na uweke mbele, kwa sababu tairi ya mbele inaisha taratibu na ndo ikiteleza unaenda chini. Nyuma weka wa kati maana nyuma ndo inasagika kwa kukanyaga na breki, mpira laini ukipita lami ya kutosha meno ya katikati yanabaki kipara.

Kwa Maxxis laini ni MaxxGrip, wa kati MaxxTerra, mgumu zaidi ni Dual. Schwalbe angalia rangi ya mstari: zambarau laini kabisa, chungwa laini, bluu wa kati, nyekundu wa kukimbia.

mteremko_sakina
Dada asante sana, hii ya vumbi kuhitaji meno sikuwa nimeiwaza kabisa. Kwa hiyo nimwagize za Maxxis, Assegai EXO+ MaxxGrip mbele na Minion DHR II DoubleDown MaxxTerra nyuma? Na presha je, nilikuwa najaza psi 30 zote.

Spoku32
Hapo hapo mkuu. Akikosa Maxxis achukue Magic Mary ya Schwalbe, Super Trail ya mstari wa chungwa mbele, na nyuma Super Gravity, ila ajue kesingi nene zinakuja zaidi na mpira laini, ya bluu asiisake sana, achukue chungwa. Presha anza na 23 mbele na 26 nyuma, ukisikia rimu inagonga jiwe ongeza moja moja. Kwa 30 mpira wowote utaruka tu hata uwe laini vipi.

pedeli_lushoto
Na mwambie ndugu yako ahakikishe ni zile za kukunja, za ukingo wa waya hazikunjiki na haziingii kwenye begi. Azikunje mara tatu afunge kwa kamba ya kitambaa, zikifika zifungue zikae wazi siku moja ndo uzivishe kwenye rimu.

MzeeWaKona
Basi sawa, ila ukishuka Monduli na EXO+ mbele punguza mwendo kwenye yale mawe meusi, kona zake zinakata kama wembe.

mteremko_sakina
Sawa mzee wangu. Nimeshamtumia majina na saizi, 29 kwa 2.5 mbele na 2.4 nyuma.