Naomba ushauri: mama ameondolewa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba

Habari zenu wakuu. Mama yangu alifanyiwa upasuaji, akaondolewa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ile inayoitwa ileamu. Kidonda kimepona vizuri, ila kila akila chakula chenye mafuta anaharisha maji ya njano, na tumbo linanguruma hadi tuliokaa pembeni tunasikia.

Nimesoma kidogo. Utumbo huu kwa mtu mzima una urefu wa karibu mita 6, na ndani umejaa vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza chakula. Duodeni, sehemu yake ya kwanza yenye kama sentimita 25, hupokea nyongo na maji ya kongosho; jejunamu, sehemu ya kati, hufyonza sehemu kubwa ya sukari, protini na mafuta. Lakini vitamini B12 na chumvi za nyongo hufyonzwa kule mwishoni, palepale alipokatwa mama. Chumvi hizo zisipofyonzwa huteremka hadi utumbo mpana na kuuchokoza. Nadhani ndiyo shida yake.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni B12. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu unaweza kuja kimyakimya, ukaleta upungufu wa damu na ganzi miguuni. Karatasi aliyopewa akiruhusiwa haikutaja sindano wala kipimo chochote.

Wataalamu na wenye uzoefu, tumwombe daktari nini hasa? Dawa za kunasa nyongo zimewasaidia? Na mafuta ayapunguze kiasi gani bila kuzidi kukonda? Ameshaanza kuogopa kula, roho inaniuma sana.